Lile fungu la tatu la mama yako ndo filamu yenyewe

Swali: "Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 27, nipo Tanga, nafanya kazi stesheneri. Nimeandika skripti ya kurasa 94 kuhusu mama yangu, alitulea wanne kwa kuuza vitumbua baada ya baba kuondoka. Nina akiba ya milioni 1 na laki 8 na simu yenye kamera nzuri. Niliowapa wasome wanasema inasikitisha ila haina stori, eti niongeze mchawi au mauaji. Mjomba naye anasema filamu ni uongo mtupu, haimfundishi mtu chochote kuhusu maisha, hiyo hela niongezee nichukue bodaboda. Nifanye nini, na mjomba nimjibu nini?"

Marahaba mdogo wangu. Samahani nimechelewa kukujibu, skripti nimeisoma yote, mara ya kwanza kwenye simu nikiwa kwenye daladala na mara ya pili nimeiprinti nikakaa nayo mezani na kalamu, manake niliona kuna kitu humo ndani ambacho sikutaka kukijibu harakaharaka. Waliokwambia haina stori wameona tatizo la kweli ila dawa waliyokupa siyo. Ukiweka mchawi utapata filamu ya mchawi, na mama yako atapotea humo, wakati ulichokaa kukiandika miaka miwili ni mama yako.

Nianzie mbali kidogo. Mtaani kwetu nilivyokuwa mdogo kulikuwa na banda umiza, mabenchi ya mbao, joto, tivii moja kwa mbele, na mikanda ya Wachina na Wahindi ikitafsiriwa na Lufufu, yule jamaa aliyekuwa anasimulia filamu kwa Kiswahili. Wote tulikuwa tunajua kanuni moja, stelingi, yaani mhusika mkuu, hafi. Sasa kulikuwa na mtoto mmoja jirani yetu, kila mkanda ukianza lazima aulize kwa sauti, "kwani huyu anataka nini?", na sisi tunamzomea anyamaze tuone ngumi. Nimekaa kwenye kuediti miaka 17 sasa, filamu za watu, harusi, matangazo, dokyumentari, na nakwambia kila kazi iliyowahi kunishinda mezani ilinishinda kwa sababu hakuna aliyejibu swali la yule mtoto. Picha ni nzuri, waigizaji wanalia machozi ya kweli, ila stelingi anataka nini, hamna anayejua, hata direkta mwenyewe hajui.

Ndo kilichotokea kwenye skripti yako. Fanya hivi, chukua kalamu nyekundu upigie mstari kila kitenzi cha mama kwenye kurasa 20 za mwanzo. Mi nimeshafanya. Mama ameachwa, amefukuzwa, amenyimwa, ametukanwa, ameibiwa, amedhulumiwa mchele. Nimehesabu vitenzi 31 vinavyoishia na -wa, na vile ambavyo mama anatenda yeye mwenyewe ni sita tu, na kati ya hivyo sita vitatu ni "analia". Unaona? Umemfanya mama kuwa mtu wa kutendwa. Najua umefanya kwa mapenzi, sisi wengi tumelelewa hivyo, ukitaka kumsifu mama unaorodhesha mateso yake, na mateso ni ya kweli kabisa sikatai, lakini mateso peke yake hayatuambii huyu mtu ni nani. Wanawake wengi wa Tanga wameachwa na waume. Mama yako ni yupi kati yao?

Jibu umeliandika mwenyewe ukurasa wa 34 afu ukapita.

Ngoja nikurudishie hiyo sini kama nilivyoiona. Usiku, koroboi, watoto wamelala isipokuwa we una miaka tisa unajifanya umelala. Mama anamwaga hela ya siku kwenye mkeka, anagawa mafungu matatu. Fungu la mchele na nazi ya kesho. Fungu la ada. Na fungu la tatu dogo ambalo hujasema ni la nini. Anahesabu la ada, halitoshi, anachukua sarafu mbili kutoka fungu la tatu anaongezea, anatulia, afu anarudisha moja. Fungu la tatu analifunga kwenye kitambaa anakiweka ndani ya kopo la siagi, kopo linaingia nyuma ya gunia. Basi. Sini inayofuata baba mwenye nyumba anagonga mlango na tunarudi kwenye kufukuzwa.

Mdogo wangu, ile sarafu moja iliyorudi! Nilisimamisha kusoma pale. Kurasa 33 nilikuwa namhurumia mama, hapo kwa mara ya kwanza nikataka kumjua. Manake amechagua. Ada ya mtoto haijatimia na bado amerudisha sarafu moja kwenye kitu chake ambacho hatukijui. Alikuwa anaweka ya nini? Nauli ya kwenda mahali? Kiwanja? Cherehani? Alikuwa anataka kitu, tena alikitaka kiasi kwamba hata usiku ule hakukiachia chote. Na we umeiandika sarafu yenyewe vizuri kabisa ila hujui ni ya nini, nina uhakika hujui, kwa sababu hakuna mahali popote kwenye kurasa 60 zilizobaki inapotajwa tena. Hukuwahi kumuuliza.

Kuna filamu nataka uitafute kabla hujagusa skripti tena, Borom Sarret ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963, ina dakika kama 20 tu. Sembène alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akaandika riwaya, akaona watu wa kwao anaowaandikia wengi hawasomi, akaenda Moscow kusomea filamu akiwa mtu mzima anakaribia miaka 40. Filamu yenyewe ni siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi pale Dakar. Anatoka asubuhi kutafuta chakula cha familia, wengine anawabeba hawamlipi, na hivyohivyo anapata kihela kidogo. Afu anakaa kupumzika, anatokea griot, yule msanii wa kusifu koo za watu, anaanza kuimba ukoo wa huyu baba, mababu zake walikuwa mashujaa, na watu wanajaa kusikiliza. Huyu baba anatoa hela yake anampa. We umekulia Tanga, umeona watu wanavyopanda kutuza kwenye taarab na noti zao mkononi, huhitaji mtu akufafanulie kinachompata. Hela ya chakula imeondoka. Hakuna aliyemwibia, ametoa mwenyewe, kwa sababu pamoja na njaa alikuwa anataka kuwa mtu, ajulikane ametoka kwa watu. Baadaye anakubali kumpeleka bwana mmoja maeneo ya matajiri ambako mikokoteni imekatazwa, polisi anamnyang'anya mkokoteni, anarudi nyumbani na farasi wake mikono mitupu. Na mkewe, ambaye filamu nzima hatujamwona zaidi ya asubuhi, anamkabidhi mtoto, anamwambia leo tutakula, anatoka mlangoni. Inaishia hapo. Mi nimeiona sijui mara ngapi na kila mara nabaki naangalia ule mlango.

Angalia Sembène alivyofanya, hakumfanya yule baba malaika. Angetaka tumlilie angemfanya aibiwe ile hela, ingekuwa rahisi zaidi, na sisi tungetoka tumemhurumia afu tumemsahau. Kumpa chaguo, hata chaguo baya, ndo kumheshimu. Na we mama yako kwenye skripti hajawahi kukosea hata mara moja. Hajawahi kumpiga mtoto kwa hasira akajuta, hajawahi kudanganya, hajawahi kuchagua vibaya. Mruhusu. Ile sarafu inaweza kuwa kosa, inawezekana mmoja wenu alirudishwa nyumbani kutoka shule kesho yake kwa sababu ya hiyo sarafu. Kama ilitokea, iweke.

Sasa namna ya kumuuliza, hapa nina kitu nilichojifunza kwenye kuediti na nakitumia mpaka nyumbani kwangu. Zamani kidogo niliediti dokyumentari ya mafundi wa majahazi Bagamoyo. Kulikuwa na mzee mmoja kaulizwa kwa nini aliacha bahari, akajibu jibu la kawaida tu, umri, macho. Aliyekuwa anahoji ni kijana mwenye heshima zake, alitaka kusema asante ila alikuwa anageuza karatasi atafute swali linalofuata, kwa hiyo hakusema kitu. Kamera inaenda. Mzee anaangalia mikono yake, nimehesabu kwenye taimlaini, sekunde 11. Afu anasema, "na kaka yangu hakurudi." Hakuna aliyemuuliza kuhusu kaka. Kwenye zile sekunde 11 ndo filamu yote ilikuwepo, na mahojiano mengine yote ya ule mradi yule kijana alikuwa anawahi kusema asante mzee, asante mama, na mi nilikaa mezani naona sura za watu zinafunguka kutaka kusema kitu afu zinafunga. Inauma sana kuona hivyo mara kumi mfululizo, na ukishaona hivyo huwezi tena kumkatisha mtu kama zamani. Mi nilianza kuwasikiliza wazazi wangu vizuri baada ya ile kazi, miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nawahi kusema asante.

Kwa hiyo mjomba akisema filamu haifundishi kitu kuhusu maisha, mi nashuhudia tofauti. Inakulazimisha kukaa na mtu mmoja mpaka ujue anataka nini, na kwenye maisha ya kawaida hatufanyi hivyo hata kwa waliotuzaa. Tunajua mama anapenda chai ya tangawizi, tunajua presha yake iko ngapi, ila alipokuwa na miaka 27 kama we sa hivi alikuwa anataka nini, nani anajua?

Tuje kwenye hela sasa. Kwa mazoea ya kazi hii ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye kioo, kurasa 94 ni zaidi ya saa moja na nusu, na kwa milioni 1 na laki 8 utashuti nusu afu hela itaisha na watu watakuwa wamechoka na we utakuwa na nusu filamu kwenye flashi. Nimeshaziona hizo flashi nyingi. Chukua sini ya ukurasa wa 34, tengeneza filamu fupi ya kurasa 12 kuizunguka, siku moja ya mama kuanzia saa kumi alfajiri mpaka usiku kwenye mkeka. Siku tatu za kushuti, chumba kimoja, kibaraza, na pale anapouzia. Ile ndefu haijafa, inasubiri.

Simu yako inatosha kwa picha, usiazime hela kwa ajili ya kamera. Hela peleka kwenye sauti, kodi rekoda na maiki ya kunasia kwenye nguo pamoja na kijana anayejua kuvitumia, yeye kazi yake iwe hiyo tu, manake mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo lakini asiposikia maneno anaondoka. Kabla ya kushuti kaa kwenye hicho chumba dakika tano macho umefumba usikilize, utasikia friji, feni ya jirani, bodaboda, bati linalolia jua likichomoza. Zima friji, na funguo zako za nyumba ziache ndani ya friji ili usiondoke umesahau kuiwasha, watu wataharibikiwa samaki wao wakati wamekupa chumba bure. Ukimaliza kila lokesheni waambie wote wanyamaze, rekodi nusu dakika ya chumba kitupu, siku ya kuediti utanishukuru. Fungu la pili la hela ni chakula. Usiwashindishe watu na soda na mkate, mlipe mama ntilie mmoja apike wali maharage siku zote tatu, watu walioshiba wanarudia teki ya nane bila kununa. Kibali cha Bodi ya Filamu usikiruke, afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza pa kuanzia.

Na muziki! Umeandika mara nne "unapigwa wimbo wa taarab" na umetaja nyimbo za watu. Direkta wa Marekani Charles Burnett alitengeneza filamu ya Killer of Sheep akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, alishuti wikiendi mtaa wa Watts pale Los Angeles kwa bajeti isiyofika dola 10,000, ni filamu kubwa sana ile, na ilikaa kuanzia miaka ya 70 mpaka 2007 bila kuingia kwenye majumba ya sinema kwa sababu ya haki za nyimbo zilizomo. Karibu miaka 30 kwa ajili ya nyimbo. Tafuta mpiga ganuni au hata udi mmoja hapo Tanga, kaa naye, mwambie stori ya sarafu, akupigie kitu chake, na muandikiane karatasi. Karatasi ni kila kitu, mi kazi yangu ya kwanza kubwa nilikubaliana na msambazaji kwa mdomo na sijaona hata senti mpaka leo.

Vitakwama vitu, hilo lijue mapema usije ukadhani umekosea fani. Direkta wa India Satyajit Ray alikuwa anafanya kazi kampuni ya matangazo Kolkata alipoanza kushuti filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, mwaka 1952, mpiga picha wake hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema. Jumapili ya kwanza walishuti sini ya watoto kwenye shamba la majani marefu yenye maua meupe, wakapata nusu. Wakarudi Jumapili iliyofuata, maua hamna, ng'ombe wamekula yote. Sasa hapo jiulize we ungefanyaje, manake kulikuwa na njia rahisi, tafuta shamba lingine, watoto simamisha popote, nani atajua? Ray alisubiri msimu mwingine maua yaote tena, karibu mwaka mzima. Hela iliisha, akaweka rehani bima yake na vito vya mkewe, kazi ikasimama muda mrefu mpaka serikali ya West Bengal ikaingia kusaidia, na muda wote huo ana kikongwe wa miaka kama 80 kwenye filamu na mtoto wa kiume ambaye sauti yake ingeweza kubadilika wakati wowote. Ilitoka 1955. Ukiangalia ile sini ya maua leo, watoto wanapenya kwenye weupe ule mpaka inapotokea treni, unaelewa alikuwa anataka nini na kwa nini hakukubali kingine.

We utapata ng'ombe wako, labda mvua, labda mwigizaji wa mama atapata msiba siku ya pili. Ndo maana nasisitiza ujue kabla, kwa maandishi, kitu gani kwenye hii filamu hukiachii. Mi naona ni mkono unaorudisha sarafu. Vingine vyote vikiharibika, huo mkono uwe umeupata vizuri, karibu kabisa, kwa mwanga wa koroboi halisi, na mkono uwe wa mtu aliyekaanga vitumbua kweli, wenye alama za mafuta, usitumie mkono wa mrembo. Ikiwezekana omba wa mama mwenyewe.

Usianze kumhoji na simu mkononi. Nenda nyumbani Ijumaa ukalale kwao, amka naye saa kumi, mchele alioloweka usiku msaidie kusaga, nazi ikune, kaa kwenye kigoda pembeni ya chuma cha vitumbua wakati mikono yake ina kazi, watu wengi wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Mkumbushe kopo la siagi nyuma ya gunia. Afu nyamaza, hata ikipita dakika. Akisema "ya kwenu tu" usiseme asante, endelea kukuna nazi.

Na kama hatasema siku hiyo, yupo mtu mwingine wa kumwendea. Mjomba ni kaka wa mama yako, alimjua akiwa binti, kabla ya baba yako, kabla ya vitumbua. Usiende kubishana naye kama filamu ni uongo au kweli. Nenda umuulize dada yake alikuwa anataka nini kabla hajaolewa, na kama anakumbuka fungu la tatu. Yeye ndo wa kwanza kuhojiwa kwenye filamu yako, mpelekee na sukari kilo moja.